Mkwe Aliyekosea Mlango

Mjomba wangu aliwahi kumfukuza mwalimu shambani bila kushuka chini. Ilikuwa kule Mahurunga, msimu wa mpunga kutoa masuke, nami niko juu ya dungu na debe langu nafukuza ndege. Dungu ni jukwaa la miti, refu kuliko mtu mzima, na ukikaa juu yake unauona mpunga wote mpaka Ruvuma, na ng'ambo unawaona watu wa Msumbiji nao wanapiga madebe yao. Ndege wakifukuzwa huku wanakwenda kule, wakifukuzwa kule wanarudi huku. Mpaka leo sijui ni nani alikuwa akimfanyia mwenzake kazi.

Basi mwalimu akaja na baiskeli, akaiegemeza kwenye mgomba, akasimama chini ya dungu na soksi zake nyeupe.

"Mzee, huyu mtoto ana wiki tatu hajaonekana darasani."

"Ameonekana hapa," mjomba akasema.

"Serikali inataka mtoto asome."

"Serikali ije ilinde ndege."

Wakaendelea hivyo. Katikati ya maneno mjomba akaniinamia sikioni, akaniambia nishuke kwa nyuma nikaitoe upepo ile baiskeli, magurudumu yote mawili. Nikashuka, nikaitoa. Mwalimu alisukuma chuma chake mpaka kijijini na jua lile, nami juu ya dungu nilicheka mpaka debe likanitoka mkononi. Nilikuwa darasa la tatu. Sikwenda tena.

Baba yangu alikuwa hai siku hiyo, mzima wa afya, yuko nyumbani anasuka tenga. Mwalimu alipita mlangoni pake, akamwamkia, akaja zake shambani. Hakumuuliza kitu. Alikuwa mtu wa kwetu yule mwalimu, alijua kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye neno juu yake ni kaka wa mama. Baba analea, anapenda, anachapa akitaka, lakini neno si lake. Hayo hatufundishwi. Ni kama kujua korosho inaning'inia chini ya bibo, siyo juu.

Sasa kuna watu hawajui korosho inakaa wapi. Mmoja alimwoa mpwa wangu.

Mpwa wangu huyu ni mtoto wa dada yangu, Mungu amrehemu. Ni mwalimu wa sekondari hapa Mtwara mjini. Mumewe ni mtu wa bara, wa huko kwenye ziwa, anafanya kazi bandarini. Alipomwoa, mpwa wangu akamfuata kanisani, nikanyamaza. Mume akamjengea nyumba nzuri ya bati jekundu, hilo siwezi kulikana. Wakazaa watatu harakaharaka: msichana wa miaka mitano, wa kiume wa mitatu, na mchanga bado ananyonya. Na katikati ya hao watatu mpwa wangu akaanza masta. Sijui vizuri masta ni nini. Ni shule ya mtu ambaye ameshamaliza shule. Alikuwa anaandika juu ya watoto wa Fomu Wani, wanavyotoka kwenye Kiswahili cha shule ya msingi wakatupwa kwenye Kiingereza, wakakaa darasani kama mawe. Kitabu kizima juu ya hilo. Mimi ningelisema kwa maneno manne.

Akanipigia simu: "Mjomba, njoo unisaidie watoto. Miezi mitatu tu."

Nikaja na begi moja na muhogo gunia nusu.

Nisiwadanganye, sikuja kwa upendo. Nilikuwa nimechoka na viboko. Viboko wa siku hizi wamezoea madebe, unapiga naye anakula, anakutazama kama mtu wa ofisini. Nikasema bora watoto. Nilikosea. Kiboko hakupigi teke ukimvalisha suruali.

Lakini nilimwona yule binti anavyoishi, na hilo nitalisema. Kumi na moja alfajiri yuko jikoni. Uji, chupa ya mtoto mchanga, soksi za huyu, nywele za yule. Saa moja kasoro yuko shuleni, na wiki ya zamu anatangulia kabla ya wanafunzi. Shule iko karibu, basi saa nne na nusu wenzake wakinywa chai yeye anakuja mbiombio kumnyonyesha mtoto, chaki vidoleni, ananyonyesha huku anasahihisha madaftari gotini, anarudi mbiombio. Jioni anaketi barazani na kompyuta, mchanga mgongoni, wa kiume anavuta kanga, na msimamizi wake wa chuo anampigia simu yuko Dar es Salaam, naye anaibana simu kwa bega huku anaogesha mtoto, anajibu, "Ndiyo daktari, nimekuelewa daktari," povu mpaka kwenye kiwiko. Mimi niliona aibu kukaa. Nikakaa.

Mkwe alikuwa hanipendi, nami sikumpenda. Siku za kwanza aliniamkia. Baadaye akawa anapita anasema "Mzee" tu, kama anahesabu mizigo. Vita vyetu vya kwanza vilikuwa vya ugali.

"Mzee, wanangu hawali muhogo. Muhogo chakula cha njaa."

"Mama yao kakua kwa muhogo."

"Ndiyo maana mfupi."

Nikamwambia kwenu mnakula ndizi kama popo. Hatukusemeshana mpaka Jumapili. Vita vya pili vikawa vya bibo. Ulikuwa msimu, nikawapa watoto mabibo wakafyonza, na shati jeupe la kanisani la yule wa kiume likapata doa. Doa la bibo halitoki, kila mtu wa huku anajua, unamvua mtoto shati kwanza. Kwa nini sikumvua? Niliona lile shati, nikaona doa linakuja, nikatazama pembeni. Ndiyo hivyo.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu mwenyewe. Asubuhi moja jiko lilikataa kuwaka, mkaa ulikuwa na unyevu. Mezani kulikuwa na fungu la karatasi zimepigwa chapa, na kila ukurasa umejaa wino mwekundu, mistari, alama za kuulizia, maneno pembeni. Mimi niliishia la tatu, wino mwekundu naujua mmoja tu: umekosa. Nikasema maskini mtoto wangu, kazi yake imekataliwa yote. Nikawashia jiko. Uji uliiva vizuri sana.

Kumbe ile ilikuwa sura ya tatu, na wino mwekundu ni wa msimamizi, anamwonyesha njia. Alikuwa ameingoja wiki sita. Sura yenyewe iko kwenye kompyuta, lakini wino ule haukuwa na nakala.

Mpwa wangu hakupiga kelele. Alichuchumaa mbele ya jiko akatazama majivu, mtoto mgongoni, akasema, "Mjomba, hii umefanya makusudi?" Nikasema hapana. Akasema, "Afadhali ungesema ndiyo." 

Lakini mkwe aliporudi kazini akaambiwa, alicheka. Alicheka akashika ukuta. Akanipiga begani, mara ya kwanza na ya mwisho kunigusa. "Safi sana mzee! Kumbe na wewe tuko pamoja!"

Nilihisi kama nimelambwa na mbwa. Hapo ndipo nilipojua kwamba yule mtu hakutaka mkewe amalize. Alikuwa halisemi. Alikuwa anaumwa mgongo siku ambayo mkewe ana kazi ya kuandika, anapata safari siku ambayo mtoto ana homa. Na kulikuwa na jambo jingine, lile analoliona mwanamume mwenzake: yeye ana diploma yake moja, amekaa nayo miaka kumi.

Binti akaiandika upya ile sura kwa kuyakumbuka maneno ya wino, sijui kwa kichwa gani, na chuo kikampa siku ya kutetea kitabu chake mbele ya wakubwa. Alhamisi. Alikuwa ameshaongezewa muda mara mbili kwa ajili ya uzazi, wakamwambia mara ya tatu haipo. Asipotokea Alhamisi, miaka yote minne imekwenda na maji. Basi lake la kwenda Dar es Salaam lilikuwa Jumanne alfajiri, na mumewe alikuwa amekubali kuchukua likizo wiki hiyo, tusaidiane watoto. Amekubali kwa mdomo.

Ijumaa kabla ya hapo, mkewe yuko shuleni, nikamwona mkwe anaingia getini saa nne asubuhi, wakati alfajiri ameaga anakwenda kazini. Nyuma yake anakuja shemeji yangu, baba wa mpwa wangu, na kofia yake mpya. Kumbe mkwe alikwenda kumpokea stendi, mzee katoka Nanyamba kwa gari la kwanza. Mkwe amemnunulia shuka na sukari. Akamkalisha kwenye kiti cha mito, akamwekea wali, kuku mzima, soda mbili, vyote vya hotelini. Mimi nilikuwa kwenye mkeka na mchanga mapajani. Hakunikaribisha, wala hakunifukuza. Kwake nilikuwa yaya mwenye ndevu.

Akaanza kwa adabu sana, mikono magotini.

"Baba, nimekuita kama mzazi. Binti yako ananishinda. Nyumba haina mama. Watoto wanalishwa muhogo na wazee wasiojulikana wamekuja kufanya nini. Naomba umwambie aache hayo masomo, akae miaka miwili, mdogo akue. Jumanne asiende. Kwetu baba akisema, mtoto hana la kujibu."

Shemeji alikuwa na paja la kuku. Akalimaliza kwanza, mtu mzima hakatishwi kwenye paja. Akapangusa vidole kimoja kimoja.

"Mkwe wangu, umekosea mlango."

"Mlango upi, baba?"

"Mimi nilizaa tu. Nikimwambia aache atanicheka, na ukoo wa mama yake utanitoza faini. Mwenye neno ni huyo." Akaninyooshea mfupa. "Huyo uliyemweka kwenye mkeka."

Mkwe akanigeukia. Sijawahi kuona uso wa mtu ukitafuta mahali pa kwenda ukakosa. Miaka saba ya ndoa! Watu wa hapa tuliona kila mtu anajua, hakuna aliyemwambia. Naye aliona dunia nzima ni kama kwao, hakuuliza.

"Mjomba," akasema. Siku hiyo nikawa mjomba. "Mjomba, wewe mwenyewe umechoka na watoto hawa. Nakuona."

Na ni kweli, nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nautaka mpunga wangu na viboko wangu. Neno moja tu, "asiende," na Jumamosi ningekuwa Mahurunga. Nililionja hilo neno mdomoni. Kisha nikaukumbuka mkono wake begani kwangu, na kile kicheko.

Kabla sijasema, geti likalia. Saa nne na nusu. Mkwe hakujua kama mkewe huja saa hizo, kwa kuwa saa hizo kila siku yeye yuko bandarini. Binti akaingia na chaki vidoleni, akamwona baba yake, akauona mfupa, akaniona mimi. Akamchukua mtoto, akageukia ukutani, akajifunika kanga, akanyonyesha.

"Kikao cha nini?" akauuliza ukuta.

Shemeji akajifanya anatafuta soda. Ikabidi mimi.

"Mumeo anataka uache masomo. Kamwita baba yako, baba yako kanirudishia neno. Nami nasema utakwenda Jumanne."

Nilitegemea asante, naapa. Nilikuwa nimejiandaa kuipokea.

"Mjomba," akasema bila kugeuka, "wewe uliyechoma sura yangu ya tatu, wewe ndiye wa kunipa ruhusa?"

"Mwanangu..."

"Mmekaa wanaume watatu na kuku. Nani kaniuliza mimi? Ningekwenda Jumanne hata mngesema hapana wote, na huyo kuku naye akasema hapana." Akamtoa mtoto kwenye titi, akamfuta mdomo. Akamwendea mumewe, akamkabidhi mtoto mikononi, mumewe akampokea kama mtu anayepewa sufuria ya moto. "Nina kipindi, Fomu Wani B. Jumanne saa kumi na moja nipo stendi. Watoto wana baba, kama baba yupo. Baba, shikamoo, sikukuamkia."

"Marahaba mama," shemeji akasema chini kwa chini.

Akaenda. Tulimsikia anakimbia nje, kandambili zake pa, pa, pa.

Mchanga akacheua kwenye shati la bandarini. Nikamwambia mkwe, na sikusema kwa wema, "Hilo linatoka. Si kama la bibo."

Alikaa na mtoto muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akikaa naye. Shemeji alikwenda kulala kwenye mkeka wangu. Ilipokaribia saa sita mkwe akatazama saa ya ukutani, akaniletea mtoto, akamweka mapajani pangu taratibu, akachukua kofia yake.

"Naenda kumfuata mkubwa chekechea," akasema.

"Haya," nikasema. "Mvua haipo, lakini mwavuli wake uko nyuma ya mlango."

Hakuuchukua. Niliinuka na mchanga nikamchungulia getini, sijui kwa nini, labda kwa sababu alikuwa amemweka mtoto taratibu mno. Chekechea iko mkono wa kulia, ukipita kwa muuza mkaa. Yeye akashika kushoto, njia ya stendi, mikono mitupu. Saa nane nilikwenda mwenyewe kumchukua mtoto. Alikuwa amebaki peke yake na mlinzi. Yule mtu hajarudi.