Hina Mbichi na Filta ya Pikapu

Harufu ya hina mbichi ikikutana na ya petroli, hata leo, moyo wangu hukimbilia uani kwetu Msambweni. Ni mwishoni mwa miaka ya tisini, nami niko kidato cha pili. Juma zima nyumba ilinukia udi, vitunguu vya kukaanga na jasho la mashangazi walioteremka kutoka Kwale na magodoro yao, maana dada yangu Mwanakombo alikuwa anaolewa. Mimi nilikuwa mwenye haya kupita kiasi. Nikiulizwa hali na mgeni, niliijibu miguu yangu. Maneno yangu yote yaliishia kwenye shajara.

Siku ya kumpeleka bibi harusi kwa mumewe Kibuyuni, pikapu ya Baba ikakohoa, ikazima. Ilipowaka tena, haikufika hata langoni. Wakwe walitutarajia kabla ya alasiri, na aibu ya siku ya kwanza ukweni haisahauliki upesi. Chumbani, dada alianza kulia, wanja ukimtiririka mashavuni. Baba akainama chini ya boneti. "Ni filta ya mafuta," akasema. "Hiki ndicho kifumbu cha gari. Kikiziba, tui halipiti." Akiba haiozi: filta mpya alikuwa nayo chini ya kiti, imefungwa kwa gazeti. Akafungua waya wa betri, kisha akaamuru moto wote wa pilau uhamishwe nyuma ya nyumba. "Yaani harusi nzima ihame kwa ajili ya kikopo?" Shangazi Mwanaisha akalalama, huku amekwisha kulishika sufuria.

Tatizo likawa mikono. Filta ilijibana pembeni mwa injini, na mikono ya Baba, iliyofua nazi maisha yake yote, haikupenya. Ya Mjomba Hamisi ndiyo kabisa. Baba akatupa macho uani. "Siti, mwanangu, njoo." Mama akaruka: "Ana hina huyo! Haijashika!" "Basi aoshe wa kulia," Baba akasema. Macho yote yakanigeukia. Nilitamani ardhi inifiche, lakini, wallahi, chini ya haya ile kulikuwa na furaha iliyopiga kama ngoma. Nikaosha. Ua lililokuwa liwe jekundu likabaki rangi ya chai ya maziwa.

Nikauzamisha mkono kwenye vyuma vyenye vuguvugu, nikalegeza kibano kwa bisibisi fupi, nikavuta mpira wa mafuta. Petroli baridi ikanitambaa hadi kiwikoni. "Usiogope, nimekinga kopo," Baba akanong'ona. Filta ikatoka. Akaipuliza, pumzi haikupita. Akaigonga juu ya jiwe, zikadondoka nyuzi za kahawia ambazo kila mtu pale alizijua: makumbi ya nazi. Shingo zikamgeukia Mjomba Hamisi, aliyeijaza gari petroli asubuhi ile kwa mtungi wake; mtungi huo ulipoteza kifuniko, naye akauziba kwa kumbi, kama tuzibavyo sote mitungi yetu ya maji.

"Hamisi, umeinywesha gari tui lenye machicha!" Shangazi akamrushia.

"Kumbi halijanitupa hata siku moja," Mjomba akajitetea.

"Halijakutupa wewe. Bibi harusi je?"

Uani kukawa kicheko kitupu, hata dada akacheka dirishani. Nikaipachika filta mpya, mshale wake ukielekea injini kama Baba alivyonielekeza, nikakaza vibano, Baba akarudisha waya wa betri. Kisha nikasikia sauti kali ikipaa juu ya vicheko: "Baba, tayari! Washa!" Ilikuwa yangu. Injini ikasitasita, ikanguruma, na vigelegele vikaizidi.

Kibuyuni tulifika kabla ya adhana. Wifi mmoja akanishika mkono uliopauka, akauliza nani aliyenipaka vibaya hivyo. Nikaanza kuinamisha kichwa. "Mwache," dada akamwambia, "mkono huo ndio ulionileta."

Siku hizi gari langu likikohoa, napiga simu, fundi anakuja, nami nakaa kivulini na mkoba wangu. Sijachafua kidole miaka mingi. Lakini mwaka jana, alipoolewa binti wa Mwanakombo, msichana aliyenipaka hina alipomaliza kunipamba, niliinuka, nikaenda bombani, nikaosha mkono wa kulia kabla haujakolea. Yule msichana aliduwaa. Dada yangu, kwenye mkeka, akapiga kigelegele.