Vumbi la Mama Tangi

Mama Tangi hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alilipata kwa kukaa. Ukikaa mahali mpaka pakakuzoea, watu huacha kuuliza unaitwa nani, wanakuita kwa kile kilicho nyuma yako. Nyuma yake yeye palikuwa na tangi la maji ya mji mzima, limesimama juu ya kilima kisicho na jirani. Palikuwa na tangi, chumba cha mashine, chumba chake, na geti. Basi.

Kazi yake ilikuwa kufagia, kufunga geti na kufuta vumbi. Mumewe ndiye aliyeajiriwa kwanza. Alipokufa, yeye alishika funguo za geti kabla hajatokea mtu wa kuziomba, na aliyekuja kuziomba alirudi alivyokuja. Binti yake aliolewa huko chini mjini. Kila akipiga simu wimbo wake ni uleule.

"Mama, shuka. Chumba kipo, kitanda kipo."

"Nishuke nije kufanya nini?"

"Upumzike."

"Sijachoka."

Hapo binti anashusha pumzi mpaka inasikika kwenye simu, anasema haya Mama, na simu inakatika.

Lakini ilikuwepo simu nyingine, na hiyo ndiyo iliyomweka kilimani.

Ndani ya chumba cha mashine, juu ya rafu ya chuma, palikuwa na kompyuta nzito isiyo na mapambo, yenye mafeni yanayovuma kutwa. Ndiyo iliyopima maji ya tangi na kufungua na kufunga mabomba yanayoshuka mjini. Ilikuwa na tabia ya kuganda. Ikiganda, Mama Tangi hutoka nje akazungusha gurudumu la bomba kwa mkono ili mji usikose maji, na kabla hajafuta jasho, simu yake pale dirishani inalia. Ni fundi wa makao makuu. Makao makuu yalikuwa mbali, na huyo fundi hawakuwahi kuonana. Alimjua kwa sauti tu, sauti nene, ya mtu aliyeshiba.

"Shikamoo Mama Tangi. Upo karibu?"

"Marahaba. Nipo, niende wapi?"

"Mguu haujambo?"

"Mguu upo. Umekula?"

"Bado, Mama."

"Hujawahi kuwa umekula wewe."

Wakimaliza hayo ndipo fundi huuliza, "Kioo kinasema nini?"

Mama Tangi shule aliionja tu. Herufi kubwa alizijua zote, ndogo zilimuudhi. Lakini husimama mbele ya kile kioo, mgongo umenyooka kama anayeapishwa, akasoma.

"E. R. R nyingine. O. Halafu R tena. Hawa wanaoandika hawana herufi nyingine?"

"Nimeelewa Mama, hiyo ni—"

"Hujaelewa, sijafika mwisho. Nukta mbili zimepandiana. Kistari. Kistari."

"Vistari viache, Mama."

"Vimeandikwa."

Atavisoma vyote. Kisha fundi humwambia abonyeze kitufe cha pembeni, akishikilie mpaka taa izime, akiachie, akibonyeze tena. Mafeni hulia, na mashine huanza kuamka. Na kuamka kwake ni kwa kujivuta, kama mtoto wa shule. Fundi hakuweza kukata simu mpaka iamke. Huo muda ndio uliokuwa wao. Fundi alimweleza habari za jino lake linalomsumbua, na hofu yake ya koleo. Mama Tangi alimweleza jinsi marehemu alivyokuwa akikoroma mpaka paka wakahama. Wakacheka, kila mmoja kwake. Kisha mashine inaamka kabisa, fundi anasema asante Mama, na kilima kinarudi kimya kama kilivyokuwa.

Usidhani alimpenda kijana wa watu. Alipenda kuulizwa mguu wake. Alipenda kwamba kuna jambo huko mbali ambalo haliwezi kwenda mpaka yeye aseme R.

Siku fundi alipokuja mwenyewe, Mama Tangi alikuwa amejifunga kitambaa kipya kichwani. Lilisimama gari, akashuka mtu mfupi mwenye begi kubwa, anatazama chini. Mama Tangi akachungulia nyuma ya gari kama kuna mwingine.

"Wewe ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sauti umeazima wapi?"

Fundi akacheka kwa aibu, mkono mdomoni. Mama Tangi akakumbuka.

"Jino ulilitoa?"

"Bado."

"Mwoga."

Ana kwa ana alikuwa mzito wa maneno. Aliinama nyuma ya mashine, tochi kinywani, na Mama Tangi akakaa kwenye ndoo aliyoifudikiza, akamwangalia. Baada ya muda fundi akatoa tochi mdomoni na kumweleza.

"Ndani ya mashine hii mna kijimashine kingine, kidogo. Hiki hakilali. Hii kubwa ikizimika, chenyewe kiko macho, mradi umeme upo. Nakichomekea waya wake. Kuanzia leo naweza kuizima na kuiwasha nikiwa kulekule, na kuona joto lake na mwendo wa mafeni."

"Na huo mwembamba?"

"Huu ni waya wa maneno. Mtandao wa mashine ukigoma, huu unabeba herufi tupu, moja moja, zinanifikia."

Akachomeka, akafungua kompyuta yake ya mkononi, na kwenye kioo chake zikamwagika takataka, alama za ajabuajabu zisizosomeka.

"Hata mimi nilikuwa nakusomea vizuri kuliko hivyo," Mama Tangi akasema.

"Kasi hazilingani, Mama. Mmoja anasema haraka, mwenzake anasikiliza polepole."

"Mimi na binti yangu."

Fundi akarekebisha kasi pande zote mbili, zile takataka zikawa maneno. Akafurahi, akapiga paja. Kisha akabeba kompyuta yake mpaka getini, ajifanye yuko mbali, akamwacha Mama Tangi ndani aangalie. Mafeni yakafa ghafla, chumba kikawa kimya mpaka akasikia maji yakigonga ndani ya tangi. Hakuna aliyegusa kitu. Halafu mafeni yakalia tena yenyewe, taa zikawaka. Mama Tangi akasogea mbele ya kioo, mgongo ukanyooka, akangoja herufi.

Kioo kikabaki cheusi.

Fundi aliporudi anahema, Mama Tangi akamuuliza, "Mbona hakisemi?"

"Nimekigeuza, Mama. Sasa maneno yanakuja kwangu moja kwa moja. Hutasumbuka tena."

Alisema kwa nia njema, ana uso wa mtu aliyeleta zawadi. Mama Tangi akakitazama kile kioo, akajiona mwenyewe ndani yake, na kitambaa chake kipya.

"Nani alikwambia nasumbuka?"

Fundi hakusikia, alikuwa anakusanya vifaa. Kabla ya kuondoka alikata kipande cha karatasi ngumu, akaandika kwa kalamu nene, akakibandika ukingoni mwa rafu zilipopita zile nyaya. Katika vituo vingine wafagiaji walikuwa wakizichomoa. Mama Tangi akasoma herufi kwa herufi, na hizi zilikuwa kubwa zote, hakupata hata kisingizio. USIGUSE.

Miaka yote ile aliambiwa gusa hapa, bonyeza pale. Alimfungulia geti, gari likateremka.

Simu ikanyamaza. Mwanzoni aliibeba mfukoni hata akienda kuchota maji. Kisha akairudisha dirishani. Mara moja mbili alisikia mafeni yakizima na kuwaka yenyewe, akajua ni fundi, yumo mle ndani kama mtu anayeingia nyumbani kwako kwa mlango wa uani, anachukua chake na kuondoka bila hodi. Yeye kupiga simu? Hapana. Apige aseme nini, kwamba amekumbuka kusoma vistari? Alikuwa na kiburi chake na alikilisha vizuri.

Binti naye akapata la kusema. "Si mashine inajiangalia yenyewe sasa? Unalinda nini huko, Mama? Shuka."

"Nalinda geti," akajibu. Lakini safari hii ndiye yeye aliyekata simu, na alikaa kitako kitandani mpaka chai ikapoa.

Kazi hakuiacha. Alifagia sakafu, akafuta dirisha, akafuta mlango na kitasa. Mashine hakuigusa. Imeandikwa. Chini ya kilima palikuwa na machimbo ya mawe, na malori yakipita mchana kutwa hupandisha vumbi jekundu mpaka juu. Zamani alikuwa akiyatukana na kukimbilia kufunga dirisha, kisha anachukua kitambaa na kuisafisha mashine, matundu ya mbele na ya nyuma. Sasa alifuta mpaka ukingoni mwa karatasi, akageuka. Vumbi likatua juu ya mashine, likaingia kwenye matundu, likajifuma mle ndani kama sufi ya mto. Mafeni yakaanza kulia kwa sauti ya juu. Aliyasikia. Hakumpigia mtu. Si wanaona joto kutoka huko?

Ikawa alasiri moja ya jua kali, bati la chumba linalia kwa joto, mafeni yakapiga kelele, na mashine ikazimika. Ikawaka. Ikazimika tena. Mama Tangi akatoka akazungusha gurudumu la bomba, mguu unamuuma, na aliporudi simu ilikuwa inatetemeka dirishani.

"Mama, mashine imepata joto sana, inajizima yenyewe, kila nikiiwasha inajizima. Kuna nini hapo?"

"Mimi nijue wapi? Si unaiona kutoka huko?"

"Naona joto, Mama. Sababu siioni. Umefuta vumbi?"

"Imeandikwa usiguse."



"Mama, niliandika kwa ajili ya nyaya."

"Karatasi haikusema nyaya. Nimeisoma yote mpaka mwisho, unanijua."

"Basi Mama nakuomba, futa tu."

"Njoo utoe karatasi yako kwanza."

"Siwezi kuja! Safari zimefutwa, ndiyo maana tuliweka vile vitu. Mama, bosi yuko juu yangu. Mji utakosa maji."

"Mji una maji. Gurudumu nimelizungusha kwa mkono huu." Akabadilisha simu sikio. "Na tena hukunisalimu."

Mama Tangi alimsikia fundi akivuta pumzi, sauti yake nene ikashuka, ikawa ya yule mtu mfupi aliyetazama chini.

"Shikamoo Mama Tangi. Upo karibu?"

"Marahaba. Nipo, niende wapi?"

"Mguu haujambo?"

"Mguu upo. Umekula?"

"Bado."

"Nilijua."

Akachukua kitambaa. Simu akaibana begani, akafuta juu ya mashine, akachokonoa matundu ya mbele kwa kijiti cha ufagio, akazunguka nyuma, vumbi likatoka vipande vipande. Nyaya hakuzigusa hata moja.

"Jino je?"

"Nililitoa."

Mkono wake ukasimama. "Lini?"

"Kitambo, Mama."

"Na hukuniambia."

"Mashine haikuganda, Mama."

Kisha fundi akasema, kama anajisemea, kwamba siku hizi anafanya kazi akiwa nyumbani, vituo vyote viko kwenye kioo kimoja, na anaweza kukaa kutwa nzima pasipo kutoa sauti kinywani mwake. Mama Tangi akamwambia, "Iwashe."

Mafeni yakalia, safari hii kwa sauti yao ya zamani. Kioo kikabaki cheusi, lakini yeye alisimama mbele yake vilevile.

"Inasema nini?" akauliza.

"Inaamka. Mambo sawa, Mama. Joto linashuka."

"Nimekuuliza inasema nini. Soma."

Fundi akacheka kidogo, akasoma. "O. K. Nukta mbili zimepandiana. Kistari."

"Endelea."

"Kistari. Kistari, Mama."

Alimsomea mpaka mwisho, naye alisikiliza mpaka mwisho. Kisha fundi akasema asante, akasema nitakupigia, nitakupigia hata bila sababu. Watu husema. Simu ikakatika, na kilima kikarudi kimya kama kilivyokuwa.

Mama Tangi akakung'uta kitambaa, akakitundika. Kile kikaratasi kilikuwa kimelegea upande mmoja kwa joto. Akakikandamiza kwa kidole gumba mpaka kikashika.

Siku zikapita, simu haikulia. Kila asubuhi alifagia sakafu, akafuta mlango, kitasa na rafu mpaka ukingoni mwa karatasi, hapo akageuka. Na mchana malori ya mawe yakianza kupita kule chini, moja nyuma ya jingine, alikuwa anakaa kwenye ndoo yake kizingitini, simu mapajani, dirisha la chumba cha mashine ameliacha wazi.