Funguo za Majirani

Tarehe 4 Januari 2009 mshonaji mmoja mwenye cherehani ya miguu na ndoa changa alitia saini mkataba wa kupanga chumba cha kwanza, kile kinachotazama lango. Tangu siku hiyo nyumba ile ya wapangaji sita haijaibiwa hata ndoo. Majirani wanamwita Mama Funguo.

Jina alilitolea jasho. Wenzake waliposafiri sikukuu za mwisho wa mwaka, funguo zao zilibaki kwake. Hakuziandika namba. Kila ufunguo aliufunga kipande cha kitambaa kilichobaki alipomshonea mwenyewe nguo, ili mwizi akiuokota asijue ni wa mlango upi. Nje ya kila chumba aliacha ndala za kiume, akawa anazigeuza kila asubuhi. Shuka zilianikwa na kuanuliwa. Mtu akichungulia langoni, angeapa kwamba nyumba imejaa watu.

Mwaka huu mke wa mwalimu, wa chumba cha pili, alipita na sanduku lake la safari, akamsalimia vizuri, kisha akaenda kugonga chumba cha sita. Huko anakaa muuguzi mstaafu aliyehamia katikati ya mwaka, mwanamke wa maneno machache ambaye wote wanamwita Nesi. Mama Funguo aliacha suruali ya mtu chini ya sindano, akamsubiri mke wa mwalimu arudi.

"Mama mwalimu, umepotea njia? Mlango wangu ni huu."

"Naujua, shoga yangu. Safari hii pumzika tu."

"Kwani nimekuambia nimechoka?"

Mke wa mwalimu aliweka sanduku chini. "Mwaka jana hakikuibiwa kitu, Mungu akulipe. Ila niliporudi, nyumba nzima inajua sufuria zangu zimeungua na mume wangu analala godoro la pembeni. Nesi haingii ndani. Anaangalia mlango, basi."

Mama Funguo alirudi kwenye cherehani yake. Ni kweli aliingia kufungua madirisha hewa ipite, akaona alichoona, na mdomo nao haukukaa. Hadi wiki ilipokwisha, wapangaji wengine nao walikuwa wamepita mlango wake bila kusimama.

Kutoka hapo cherehani ikawa inakwenda huku macho yake yako chumba cha sita.

"Ameandika namba," alimwambia mumewe, dereva wa lori, aliyekuwa akijiandaa kwa safari. "Shada zima, kila ufunguo na plasta ya kidonda: mbili, tatu, nne. Si bora angemchorea mwizi ramani?"

"Na ndala je? Ameweka?"

"Ameweka." Alikata uzi kwa meno. "Kaziweka moja juu ya nyingine, kama mtu kazivua kwa haraka." Wazo hilo halikuwahi kumjia miaka yote hiyo, na ndilo lililomnyima raha kuliko namba.

"Mke wangu, wewe unamvizia mwizi au unamvizia Nesi?"

Jumamosi, mumewe akiwa tayari safarini, Nesi alitoka na kikapu kwenda sokoni. Mama Funguo akakumbuka ghafla kwamba hana uzi mweusi, ingawa droo ilikuwa imejaa. Alifunga mlango, akatia ufunguo kwenye pochi, akaitundika begani, akafuata.

Soko lilikuwa limefurika. Watu walisukumana kwenye vibanda vya nguo za watoto, na vipaza sauti vilishindana kutaja bei. Nesi alisimama kuchagua vitunguu. Ndani ya kikapu, wazi kabisa, shada lenye plasta lilikuwa linaonekana. Kijana mwenye koti mkononi alimsogelea, koti likafunika ukingo wa kikapu.

Mama Funguo aliona. Angeweza kupiga kelele hapo hapo. Lakini funguo zikipotea, kufika jioni simu zingekuwa zimepigwa kila upande, na mwakani wote wangerudi kwenye mlango wake. Alisubiri. Akaona mkono unaingia. Kisha akilini akaiona milango minne imebaki wazi, akajitosa, akaudaka ule mkono.

"Nesi, kikapu chako."

Shada likaanguka juu ya vitunguu. Kijana akayeyuka katikati ya watu.

"Asante, mdogo wangu," Nesi alisema bila haraka. "Hizi ni za makabati ya wodini, yalishatupwa zamani. Za watu ziko hapa." Aligusa ubavu wa gauni. "Mfuko wa ndani ulionishonea mwenyewe. Uliniuliza wa nini, nikakuambia wa dawa."

Mama Funguo alitaka kujibu kitu kikali. Akapeleka mkono begani, akakuta mkanda uliokatwa. Pochi hakuna. Wezi wa sokoni hufanya kazi wawili wawili, mmoja wa kuonekana na mwenzake wa kuchukua. Yeye ndiye anayewaambia wapangaji hivyo kila mwaka. Ndani ya pochi mlikuwa na ufunguo wake, pamoja na kadi zake za biashara, zenye maelekezo ya kumfikisha mteja hadi langoni.

"Kuna mwenye ufunguo wako mwingine?" Nesi aliuliza.

"Mume wangu, na yuko safarini. Sijawahi kumwachia mtu mwingine."

"Basi twende haraka."

Sasa Nesi ameketi kwenye kizingiti cha chumba cha kwanza, mgongo umeegemea mlango, vitunguu vikiwa miguuni. Mama Funguo amesimama langoni, anamtazama, na bado roho inamuuma. Fundi wa kufuli anakuja jioni kubadili kitasa. Kitasa kipya kina funguo tatu: mmoja wa kwake, mmoja wa mumewe, na wa tatu utakaa kwa Nesi.