Bundi wa Mgiriki

Baba yangu alimpikia Mgiriki mmoja mwenye shamba la tumbaku, nje ya Tabora, tangu sijazaliwa. Baada ya Azimio la Arusha, mashamba yalipotaifishwa, Mgiriki akafunga virago. Siku ya kuondoka hakumpa baba kiinua mgongo. Alimpa sarafu moja nene, upande mmoja kichwa cha mwanamke, upande wa pili bundi. Akasema ni fedha tupu ya mababu zake, ya kabla ya Yesu, na kwamba kwao matajiri huigombania. Baba akaamini. Angeachaje kuamini? Ujana wake wote ulikuwa ndani ya kile kipande.

Sonara wa Gongoni aliipima kiganjani, akaidondosha juu ya jiwe asikilize mlio, akakuna kidevu.

"Nyepesi kidogo. Acha niikate ukingoni kwa tindo, nione ndani."

"Ukate zawadi yangu? Thubutu!" Baba akairudisha mfukoni, tukaondoka.

Kisha mama akaugua. Tumbo lilivimba, mwili ukakauka, hospitali wakamrudisha nyumbani. Kwetu bundi akilia juu ya paa tu watu hawalali. Mama alikuwa naye ndani, chini ya mto wa mumewe. "Baba watoto, mtoe huyo ndege. Ananiita." Baba akatia pamba masikioni. Anamlisha uji kwa kijiko, halafu anakaa kuisugua sarafu yake kwa majivu. Nilimchukia, wallahi nilimchukia. Siku moja nikamwambia usoni: "Baba, kati ya mama na bundi, nani ahame?"

Alivaa kanzu, nikamfuata mpaka kwa sonara.

"Mfute bundi," alisema, akaiweka sarafu mbele yake. Alijua bila bundi hakuna tajiri atakayeitazama.

Sonara akachukua tupa. Hakusugua sana, weupe ukaisha, chini pakatokea wekundu. Akasimamisha mkono.

"Shaba. Imevishwa fedha juu tu. Pole, ndugu yangu."

Kama Mgiriki alijua, au naye aliuziwa hivyo hivyo, sijui mpaka leo, na inaniuma. Baba aliigeuza kiganjani, akamrudishia.

"Endelea," akasema. "Mfute tu."

Nyumbani aliishika ile sarafu, kichwa cha mwanamke kikiwa juu, bado cheupe, akampitisha mama kidole kwa nyuma, pale palipokuwa laini.

"Ametoka?"

"Ametoka, mke wangu."

Mama akalia. "Umeharibu utajiri wako kwa ajili yangu! Nami nilidhani unaupenda kuliko mimi." Baba akainamisha kichwa. Mimi, mwenye ulimi wangu wote ule, sikuitaja shaba.

Kila mwanamke aliyekuja kumjulia hali, mama alimsimulia. Juma lile lile akafariki. Makaburini watu walimshika baba mkono, wakimsifu kwa mali aliyoiacha kwa ajili ya mkewe. Aliitikia kila pole, mkono wa pili ukiwa ndani ya mfuko wa kanzu, ameishika shaba yake.