Jicho Langu Moja na Mkwe Mlangoni

Wanaonijua hapa Ikonge wanajua kwamba mdomo wangu haujui kupumzika. Kule tunakouzia majani chai, mizani ikichelewa kufika, mimi ndiye wa kwanza kumwuliza karani kama alilala nayo kitandani. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba niliugua nikanyamaza, nikanyamaza tena, mpaka nikakaribia kuwa kipofu, mjue kulikuwa na sababu.

Nianze na jicho la kushoto, maana bila hilo hamtaielewa hofu yangu. Lilikufa nikiwa nimeolewa juzi tu. Tulikuwa tunapogoa chai, kijiti kikaruka kikanichoma. Nilifunga kitambaa nikaendelea na kazi, nikidhani litapoa. Halikupoa. Tangu hapo nikabaki na la kulia, nalo halikuwa na nguvu sana, lilihitaji miwani mizito. Lakini lilichuma chai, lilisoma Biblia, lilichagua mawe kwenye nafaka ya wimbi. Kila usiku nilikuwa naliombea kabla ya kuwaombea watoto, Mungu anisamehe.

Binti yangu Bosibori aliolewa na Makori, kijana wa kule Manga, wakahamia Amerika, kwenye mji wenye Wakisii wenzetu wengi hadi mboga ya chinsaga unaipata kanisani. Alipopata mtoto wa kwanza akanipigia simu akilia. "Mama, hapa hakuna mtu wa kunishika mkono." Kwetu binti akijifungua, mama ndiye anayekwenda kumpikia uji na kuogesha mtoto. Nikafungasha unga wa wimbi, nikapanda ndege.

Hapa lazima niwaeleze kitu wasio wa kwetu. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawana mchezo. Kuna heshima tunayoiita chinsoni, heshima iliyochanganyika na haya. Mkwe haingii chumba ninacholala. Simpi mkono, sili naye meza moja, simkazii macho usoni. Mambo ya mwili hayatajwi mbele yake kabisa. Makori alikuwa amemwoa binti yangu miaka mingi, na viatu vyake ningeweza kuvitambua popote, lakini sura yake sikuwa naijua sawasawa.

Katika nyumba ile ndogo tulijipanga. Yeye alikuwa anakohoa kabla ya kupita, mimi nikisikia kikohozi naingia jikoni. Bosibori akarudi kazini mapema kuliko nilivyotaka, akiwahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee kuanzia asubuhi hadi jioni. Makori aliendesha lori jioni, mchana alikuwa nyumbani. Kwa hiyo mchana kutwa tulikuwa sisi: mimi, mtoto, na mkwe upande wa pili wa ukuta.

Siku moja nilikuwa namwogesha mtoto, nikaona cheche pembeni mwa jicho. Nikadhani ni taa. Nikageuka, cheche zikaja tena. Baadaye wakaja nzi weusi wadogo, wanaelea mbele yangu, nikawafukuza kwa mkono. Bosibori akacheka, "Mama unapigana na nani?" Nikacheka pia. Moyoni nilikuwa nimeshaingiwa na baridi.

Siku iliyofuata, Bosibori akiwa ameshaondoka, kivuli kikaanza kupanda kutoka chini. Miguu ya mtoto sikuiona. Nilipoinamisha kichwa, bado sikuiona. Nilimlaza mtoto kitandani haraka, maana niliogopa nitamwangusha, nikakaa sakafuni nikishikilia mguu wa kitanda. Makori alikuwa pale sebuleni, nasikia hata kijiko chake kwenye kikombe. Ningemwita tu. Lakini ningemwambia nini? Kwamba mwili wangu umeharibika? Nimwambie omoko, mkwe wangu? Hapana. Nikajisemea nitamngoja binti yangu. Nikangoja mpaka jioni, na kivuli kikazidi kupanda.

Bosibori alipofika na kusikia, alipiga yowe. "Mama! Na Makori alikuwa hapa mchana wote!" Nikamwambia, "Makori si mtu wa kuambiwa hayo." Alinivalisha koti kubwa kama blanketi, tukaenda hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. Kwa kuwa Kiingereza changu ni cha sokoni, waliniletea mkalimani kwenye simu, mama mmoja ambaye nadhani alikuwa Mtanzania, maana Kiswahili chake kilikuwa laini kama ugali wa maziwa. Alinitafsiria hivi: "Mama, ndani ya jicho kuna utando unaoshika picha. Utando huo umechanika na unabanduka. Sehemu ya katikati, ile ya kusomea, bado imeshika, lakini kwa shida. Ikibanduka na hiyo, hatuahidi kitu. Inabidi upasuliwe upesi."

Nikauliza, "Na upasuaji ukishindikana?"

Yule mama akasema polepole, "Daktari anasema anajua kwamba hili ndilo jicho pekee ulilo nalo."

Wapendwa, hapo niliogopa. Sikuogopa kufa. Niliogopa kurudi Ikonge nikiongozwa kwa fimbo, nipite kwenye shamba langu mwenyewe niulize hii ni chai ya nani. Nilimshika Bosibori nikamwambia, "Nirudishe nyumbani nikiwa bado naona." Akalia, akakataa. Bima ya safari aliyokuwa amenichukulia ilikubali kulipa, na hapo nikakosa kisingizio.

Nilidhani watanilaza usingizi. Kumbe walilitia ganzi jicho tu, mimi nikabaki macho! Walinifunika uso wote, wakaacha tundu la jicho. Sikuhisi maumivu, nilihisi kusukumwa. Na nikaona. Niliona vyuma vyembamba vikitembea ndani ya mwanga, vivuli vyao vikipita kama miguu ya buibui, na nikajua viko ndani yangu. Nilitaka kupiga kelele. Yule mama wa simu alikuwa amewekwa karibu na sikio langu, akawa anarudia, "Usitikisike mama. Pumua. Usitikisike." Nikawa naomba kimoyomoyo, "Ee Nyasae, Mungu wangu, shika mkono wa huyu msichana." Jasho lilinitoka mpaka mgongoni.

Walipomaliza wakaziba jicho, nikabaki gizani kabisa. Daktari akaeleza kwamba ameingiza kiputo cha gesi ndani ya jicho ili kiukandamize ule utando ushike. Kwa hiyo nikae kifudifudi, uso chini, usiku na mchana, isipokuwa kula na kwenda choo. Nisipande ndege mpaka kiputo kiishe, la sivyo kitavimba angani na kuliua jicho. Na dawa za matone ziwekwe kwa wakati, hasa ile ya kupunguza presha ya jicho. "Hiyo usiikose hata mara moja," mkalimani akasema. "Hata mara moja, mama."

Jamani, mmewahi kulala kifudifudi mkiwa wazima na mkashindwa? Shingo inawaka, pua inaziba, mate yanakutoka kama ng'ombe. Kiziba kilipotolewa niliona ukungu tu, unatikisika kila nikisogea. Nilikuwa nauliza kila saa, "Bosibori, hivi ndivyo nitakavyoona sasa?" Naye ananiambia ni gesi, mama, ni gesi. Sikumwamini.

Alikaa nami siku chache, akiniwekea dawa. Halafu kazini wakamwita, na huko huwezi kusema mama anaumwa kila siku. Asubuhi ile alinibusu kichwani akasema, "Makori atakuwekea." Nikamwambia, "Makori ataniwekea mezani. Nitajiwekea mwenyewe."

Saa ya dawa ikafika. Nikasikia kikohozi mlangoni. "Mama, dawa."

"Weka hapo chini kwenye kizingiti, baba. Asante."

Nikasikia chupa ikigusa sakafu, nyayo zikirudi. Nikatambaa, nikaipapasa, nikainua uso, nikakamua. Likadondoka shavuni. Nikakamua tena, likaingia kwenye nywele. Kipofu anajiwekea dawa ya macho, hebu fikirieni. Nilijidanganya kwamba moja limeingia. Mara ya pili ikawa vilevile.

Mchana maumivu yakaanza nyuma ya jicho, yakapanda kwenye paji, yakashika kichwa chote upande ule. Nikaanza kutapika. Nilitapika kwenye beseni la mtoto, nikifuta mdomo na kilemba changu, nikiwa nimejikunja kwa gauni la kulalia. Na katika hali hiyo yote, mniamini msiniamini, jambo nililokuwa naomba ni kwamba Makori asisikie.

Alisikia. "Mama! Kuna nini?"

"Usiingie!"

"Mama, unatapika. Daktari alisema ukitapika..."

"Makori, usiingie! Mimi ni mama mkwe wako. Mwacha mila ni mtumwa!"

Nikasikia anampigia Bosibori simu, haipokelewi. Anampigia tena. Nikamsikia akitembea huku na huku, mtoto analia begani mwake. Kisha mlango ukafunguka, nami nikavuta blanketi hadi kichwani.

Alikuwa anaingia kinyumenyume. Nilijua kwa visigino, chini ya ukingo wa blanketi, kwenye ule ukungu wangu, niliona kitu kinakuja mgongo mbele. Akasimama katikati ya chumba, amenipa mgongo.

"Mama," akasema, "mimi nimelelewa Manga. Chinsoni naijua. Lakini nikikuacha upofuke kwa sababu ya heshima, hiyo heshima nitampelekea nani? Nitamwambia nini Bosibori? Lisilobudi hutendwa. Nikigeuka, nisamehe."

Nilikuwa nalia, na kulia kwenyewe kulikuwa kunaniumiza.

Akamlaza mtoto kando yangu, akageuka. Nilikuwa bila kilemba, bila miwani, matapishi kifuani, jicho lililokufa liko wazi ambalo hata majirani sijawahi kuwaonyesha. Akanishika kidevu. Mkono ulikuwa baridi kuliko wangu. Akafungua jicho kwa vidole viwili taratibu, na tone likaingia. Nililisikia. Akasubiri, akatia la pili kutoka chupa nyingine. Kisha akanifuta uso kwa kitambaa cha maji, akanifunga kilemba, vibaya, kama anafunga gunia, akanibeba hadi kwenye gari, mtoto akiwa kifuani pangu.

Kule hospitali walipima presha ya jicho, na yule daktari akaanza kwenda mbio. Dawa za kumeza, matone mengine, sindano ndogo ya kutoa gesi kidogo. Mkalimani akasema, "Anasema mngengoja jioni, lingekuwa limekufa." Makori alikuwa amesimama ukutani, nasikia pumzi zake. Mimi nilifikiria jioni, na kwamba jioni ndiyo niliyokuwa naingoja, Bosibori arudi.

Tangu siku ile aliniwekea dawa yeye. Hatukuzungumza. Anakohoa, naketi, anashika kidevu, tone, anatoka. Hofu haikuniacha upesi, nisiwadanganye. Kila nikiamka niliogopa kufumbua. Lakini mwanga ukaanza kurudi, na ukarudi kutoka juu, kwa sababu kiputo kikipungua ndivyo kinavyofanya: juu panafunguka kwanza, chini pangali na ukungu. Nikaona dari. Nikaona ncha ya pazia. Na asubuhi moja, saa ya dawa, nikaona paji la uso lenye kovu jembamba juu ya nyusi, na nywele zimeanza mvi mapema. Siku zilizofuata nikaona macho, kisha pua, kisha mdomo umekazwa kama wa mtoto anayetia uzi kwenye sindano. Katika uzee wangu, nikamwona mkwe wangu kwa mara ya kwanza. Ni kijana mzuri.

Kiputo kilipokwisha, daktari akaniruhusu kusafiri, nikarudi kwenye chai yangu. Nasoma Biblia kwa miwani mipya. Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari na yule mama wa simu ambaye sitamwona kamwe.

Nanyi, ukiona cheche, ukiona nzi wasioshikika, ukiona kivuli kinapanda, usingoje jioni. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie aliye karibu. Usimchague. Akiwa ni mkwe, mwambie mkwe. Akina mama kanisani wananiuliza, "Na chinsoni je?" Nawaambia chinsoni ilikuwepo chumbani siku ile, iliingia kinyumenyume ikaomba msamaha kabla ya kunigusa. Mnataka ipi nyingine?

Walikuja nyumbani likizo iliyopita. Makori alikaa nje kwenye kiti chake peke yake, kama inavyopasa, na chakula chake nikakituma kwa mikono ya Bosibori. Hatukupeana mkono. Nilisimama kwenye dirisha la jikoni nikamtazama, akahisi, akainamisha kichwa kwa haya. Mwacheni ainamishe. Mimi nimeshamwona.