Ng'ambo ya Daraja Hakukuwa na Ardhi

Desemba ile dada yangu alikuwa amemaliza kidato cha nne, nami nilikuwa naelekea darasa la nane. Binamu yetu anayeishi Tuala alituachia plestesheni yake na gemu moja tu: mtu anazurura mjini, anaendesha gari lolote analolipata. Mji ulikuwa na visiwa viwili. Daraja la kwenda cha pili lilifungwa kwa mawe ya zege mpaka umalize kazi ulizopewa.

Sisi kazi hatukuzitaka. Tulitaka ng'ambo. Tulijaribu kuogelea, mtu wetu akazama. Tulijaribu pikipiki, ikagonga zege. Kwa wiki tatu kila barabara ya kisiwa chetu ilikuwa njia tu ya kufika darajani.

Jumamosi moja dada akaegesha lori la kubebea magari, lile lenye mteremko nyuma, mbele ya zege. Akachukua gari jingine, akalipandisha kwa kasi juu ya lori. Tukaruka, tukatua upande wa pili.

"Tumevuka!" nikasema.

Punde tu, gari likadidimia kwenye lami kana kwamba lami ni uji, likaendelea kuanguka. Nikayaona majengo kutoka chini yake. Hayakuwa na sakafu wala migongo, yamening'inia kama ngozi zilizoanikwa. Kisha nayo yakaisha, ikabaki bluu tupu. Nilipiga yowe hadi baba akaja mbio na rungu, akidhani nyoka ameingia.

Baba alikuwa wakala wa forodha mpakani Namanga, huja nyumbani Kitengela wikendi. Dada akamwonyesha runinga.

"Hapo bado hawajajenga," baba akasema. "Sisi Namanga geti likifungwa, ng'ambo kuna watu. Hapa wamewafungia, na ng'ambo hakuna kitu. Anzeni tena, nipeni hiyo pedi ya kuchezea."

Akamtembeza mtu wetu kwa miguu, akigonga kuta kama mlevi.

"Baba, chukua gari," dada akamwambia.

"Niharakishe kwenda wapi, na daraja limefungwa?"

Akaingia kichochoro nyuma ya soko. Palikuwa na ngazi za chuma. Akapanda. Juu ya paa kulikuwa na bustani nzima, na mzee akilisha njiwa. Njiwa wakaruka wote kwa pamoja. Tulikuwa tumepita chini ya paa hilo kila siku.

"Hii ilikuwa hapa?" dada akauliza, kama mtu aliyeibiwa.

"Ilikuwa hapa."

Jumatatu baba akarudi kazini. Wiki nzima hatukugusa gari. Tulipata handaki, tukapata kinyozi, tukapata kaburi lenye maua.

Daraja lilifunguka tulipomaliza zile kazi, shule zikikaribia kufunguliwa. Dada akanipa pedi, akasema nitangulie. Sikuiamini lami tena. Nikamtembeza mtu wetu polepole, hatua kwa hatua, hadi ng'ambo. Ardhi ikashika.