Kivuli Katika Titi la Mama

Tik. Halafu kimya. Tik tena. Kilikuwa kidude cha mashini ya eko, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili. Kila munganga alipokibonyeza, msalaba mdogo mweupe ulitokea kwenye ekrani, pembeni ya kile kitu kilichokuwa ndani ya titi la mama. Misalaba minne. Alikuwa anapima ukubwa tu, lakini mimi niliona makaburi.

Tulikuwa tumefika Butembo asubuhi ile kutoka Musienene, mimi na mama nyuma ya motari mmoja, juu ya pikipiki yake. Kwetu eko ni mambo ya wenye mimba. Njia nzima nilikuwa nikiota siku nitakayolala pale na tumbo langu, nione mutoto akinipungia mkono.

Dirisha la chumba lilikuwa limezibwa na kitenge cheusi ili picha ionekane vizuri. Nje ilikuwa saa sita ya mchana. Ndani, giza la kanisa lililofungwa. Mama akatania:

— Munganga, batoto bangu saba bote balipitia tumbo. Huyu wa nane anatafuta mulango kwa titi?

Munganga alicheka. Halafu akaacha kucheka, akanionyesha ekrani kwa kidole.

— Kama ingekuwa maji, ungeona nyeusi tupu, na nyuma yake kunang'aa. Hii hapana maji. Kando zake ziko na miiba-miiba. Na huku chini, unaona? Inatupa kivuli.

Niliishia mwaka wa pili wa sekondari, lakini kivuli nakijua. Kinataka jua. Ndani ya mama kulikuwa na jua gani?

— Donc iko kansere? nikauliza.

— Eko inanionyesha mahali na umbo, na umbo hili silipendi. Lakini kwa kujua kweli, tukamate kipande na sindano, labo iangalie.

Mama akainuka, akajifunika kifua.

— Sindano hapana! Jirani yetu walimuchoma, ile kitu ikaamuka. Hakumaliza hata mavuno ya maharagi.

— Mama, ile kitu hapana lala, munganga akamjibu. Jirani alichelewa kuja, ni hiyo tu. Sindano hapana amsha kitu.

Mama akanitazama. Nikamshika mguu tu. Ulikuwa baridi.

— Bon, akasema. Mais mutu asiongee, isiamuke. Hata wewe, munganga.

Basi tukanyamaza. Muuguzi aliyeleta sindano akavua viatu vyake, visipige kelele. Kwenye ekrani mstari mweupe, ile sindano, ukaingia kutoka pembeni, polepole, ukielekea kile kitu, nacho nikakiona kikirudi nyuma, kama mnyama ndani ya shimo lake. Ilikuwa pumzi ya mama. Nafikiri ilikuwa pumzi ya mama.

— Iliamuka? akaninong'oneza walipokuwa wakimfunga bandeji.

— Hapana, mama.

Muuguzi akanipa chupa ndogo niipeleke labo, upande wa pili wa uwanja. Ndani ya maji yake kulielea kipande chembamba kama uzi wa kushonea. Karatasi iliyobandikwa juu ilikuwa tupu. Nilisimama uwanjani peke yangu, nikaegemeza chupa ukutani, nikatoa biki, nikaandika jina la mama, la ubatizo kwanza, kwa herufi kubwa, wasimchanganye na mwingine.